Injini Iliyokosa Pumzi

Jumanne, 4 Machi

Mto Wendle umefika mita mbili na nusu. Jua kali, anga nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. Mvua imenyesha huko juu wiki nzima, na sasa maji yanatujia taratibu kama mgeni mwenye mizigo mingi. Redio inasema kesho barabara itafunikwa. Wiki mbili mji wetu wa Lomax utakuwa kisiwa. Watu thelathini na wawili, mbwa wasiohesabika na Clarrie Stumm.

Mke wangu Glenys alivuka jana, kwenda kumsaidia dada yake Una kuhamisha kondoo. Amebandika maagizo kwenye friji. La kwanza: walishe kuku. La pili: usiguse injini. La tatu limepigiwa mstari na linasema: soma tena la pili.

Saa kumi mkutano kwa Beryl. Beryl ndiye mwenye baa na ndiye mwenyekiti wa kamati, kwa hiyo hoja hupita haraka au hupita na bia. Hoja ya leo: barabara ikifungwa, nani atapeleka barua, mkate na dawa upande wa pili? Njia itakuwa moja tu, tuta la reli ya zamani. Vyuma viling'olewa miaka mingi iliyopita, limebaki tuta lenyewe na daraja la mbao. Gari halipiti, kuna nguzo za chuma. Pikipiki ya mwisho iliyojaribu ilitoboa mbao na mpaka leo iko chini mtoni. Kutembea kilomita thelathini na nane kwenye kokoto, na wengi wetu tumepita sitini? Haiwezekani. Ni kazi ya baiskeli. Baiskeli yenye nguvu.

Nikasimama. Nikasema mimi Neville Trask ndiye mwenye baiskeli pekee ya injini katika wilaya hii. Niliifunga mwenyewe mwaka jana, wiki tatu na safari mbili kwa nesi. Makofi machache. Kisha Clarrie akainuka, miaka sabini na moja, mpole kama maziwa ya uvuguvugu, akasema naye anayo ile ya umeme aliyonunuliwa na binti yake, kama itafaa. Kama itafaa! Unyenyekevu wa makusudi. Nimechukia mpaka masikio yamepata moto.

Beryl ameamua: kesho mashindano. Kupanda kilima cha tangi la maji na kilo ishirini za unga. Mshindi atavaa koti la rangi ya chungwa lenye maandishi MBEBAJI RASMI.

Nimeitoa baiskeli bandani. Haijaguswa tangu Krismasi. Imewaka kwa mkupuo mmoja, mlio mzuri. Nikaelekea kilimani. Nusu ya mlima, nguvu zikaisha! Navuta mafuta, injini inaguna tu kama mzee aliyeamshwa. Krismasi ilipanda hapa kama mbuzi.

Injini haifi hivi hivi. Kuna mkono wa mtu. Jumapili Clarrie alikuwa amesimama kwenye uzio wangu. Alisema anatazama kuku.

Jumatano, 5 Machi

Mto mita tatu na nusu. Barabara imekwenda. Kibao cha "Punguza Mwendo" kimebaki kichwa tu juu ya maji.

Nimeamka na jibu. Injini ya aina hii haina oili yake ya ndani, hunywa oili iliyochanganywa na petroli. Kwa hiyo ikichoka, ina njaa ya oili. Hesabu rahisi! Nikaongeza maradufu. Imewaka kwa shida, lakini moshi wake, jamani, ulikuwa wa heshima. Kuku wawili hawajaonekana tangu hapo.

Mashindano saa tatu. Mji mzima ulikuwepo. Clarrie akatangulia. Akapanda anavuma kama feni, unga mgongoni, akapiga mluzi! Mpaka juu. Akageuka, akatupungia mkono.

Zamu yangu. Tambarare nilikwenda vizuri, nikasikia mtu akisema hii ndiyo mashine. Kilima kikaanza. Nguvu zikaanza kuondoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nikakanyaga pedali. Moshi ukanipita, ukanitangulia kufika. Theluthi mbili ya mlima nikasimama kabisa, na Beryl akauliza kwa sauti ya wote kusikia kama niko humo ndani au wapeleke mtu kunitafuta.

Clarrie kapewa koti. Mimi nimeandikwa "wa akiba".

Lorna Kyle akanifuata nyumbani. Lorna hutengeneza pampu za visima vya mashamba yote, na ana tabia ya kukitazama kitu bila kukigusa, halafu anakwambia. Akaniuliza: inawaka vizuri? Ndiyo. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri? Ndiyo. Inachoka ikibebeshwa mzigo tu? Ndiyo, ndiyo! Akasema basi ni moja ya mawili, ama inalishwa kupita kiasi, ama imezibwa pumzi. Mwaga hayo mafuta, changanya oili kwa kipimo chake. Halafu fungua ekzosi, chungulia ndani.

Nilicheka. Nikamwambia ekzosi ni ya kupunguza kelele tu, ni bomba tupu, shida haiwezi kukaa kwenye bomba tupu. Nikamwambia nimeshika injini miaka arobaini.

"Najua, Nev," akasema. "Injini hizo hizo ndizo huletwa kwangu."

Mwanamke mgumu. Oili nimeipunguza kidogo, kwa hiari yangu, si kwa sababu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mita nne na robo. Clarrie aliondoka alfajiri na koti lake. Atalala kwa Una, mwisho wa njia, achaji betri huko, arudi kesho. Atakula pai ya Glenys. Pai yangu!

Nimefungua kabureta kwenye meza ya jikoni. Kifaa kidogo, matundu kama ya sindano, hakihitaji ila subira. Kijispringi kikaruka. Saa moja na nusu nimetambaa sakafuni. Kilikuwa kwenye siagi. Nikakisafisha, nikarudisha kila kitu, kikabaki kipande kimoja kidogo cha shaba ambacho naamini kilikuwa cha ziada.

Hakikuwa cha ziada. Nimefungua tena.

Nimebadilisha plagi. Ya zamani ilikuwa nyeusi, imelowa, imevaa masizi kama sufuria ya kambini. Mpya imekuwa hivyo hivyo baada ya robo saa. Nimekaza kila nati inayokazika. Nimejaribu kilima cha tangi mara tano. Mara tano pale pale, kwenye kichaka kile kile, kama kuna mtu anaishika kwa nyuma.

Glenys kapiga simu saa kumi. Anauliza habari za kuku. Nikasema wapo, idadi sikutaja. Akauliza kwa nini anasikia harufu ya petroli. Kwenye simu! Mwanamke yule si wa kawaida. Akasema Clarrie amefika salama, ametengeneza na mlango wa banda, na kwamba ni mtu wa kutegemewa. Nikasema mstari ni mbaya, simsikii.

Kabla ya kukata akanipa habari moja ya maana. Una ni mtu wa sukari, anajichoma insulini kila siku. Iliyopo itamfikisha Jumapili. Ndege ndogo italeta nyingine kesho, na Clarrie ataipeleka Jumamosi asubuhi.

Clarrie! Dawa ya shemeji yangu mimi! Ipelekwe na mtu aliyeniharibia injini!

Maana sasa nina hakika. Nimechunguza tangi la petroli kwa tochi. Sikuona kitu. Na mtu mjanja hawezi kuacha kitu cha kuonekana.

Ijumaa, 7 Machi

Mita tano. Maji yamefika nyuma ya kanisa.

Clarrie kaingia saa tisa kamili alasiri, mwekundu kama nyanya, betri imebakia tone. Kaegesha kwenye veranda ya Beryl, kachomeka chaja kwenye soketi iliyo nyuma ya friji la barafu, kaenda nyumbani kulala. Chaji yake huchukua saa sita nzima. Ndege ilikuwa imetua saa nane na nusu. Kisanduku cha insulini kikaingizwa kwenye friji la Beryl, kimeandikwa UNA kwa wino mwekundu.

Nilikaa na bia yangu nikatafakari. Mpango ukaja wenyewe, mzuri, hauna madhara. Clarrie akiondoka kesho na betri nusu, atavuka daraja, atafika Mwinuko Mwekundu ambako tuta linapanda kilomita tatu bila kupumzika, na betri itamshinda. Atarudi. Siku moja tu itapotea. Una ana dawa mpaka Jumapili. Mimi nitakuwa nimeshaitengeneza mashine yangu. Nitaondoka Jumapili asubuhi na koti. Hakuna atakayeumia ila majivuno ya mtu mmoja.

Saa tisa na dakika kumi nikaenda kuchukua barafu. Kidole kimoja. Ka! Swichi ikazimika. Wala sikuchomoa waya, kuchomoa ni hujuma. Niliazimia kurudi saa kumi na mbili kuiwasha, na saa tatu usiku kuizima tena, ili apate nusu yake.

Nikaenda kukata gasketi mpya ya kichwa cha injini kutoka kwenye boksi la biskuti. Kazi ya uangalifu mkubwa. Nikaifunga. Ikavuja. Nikakata nyingine kwenye bati la samaki. Hiyo imekaa. Nikatoka kuijaribu. Kichaka kile kile! Nilikaa chini pale kilimani, nikaitazama injini, nayo ikanitazama.

Sasa nimekumbuka swichi. Baa imeshafungwa, na veranda pia. Basi. Beryl huenda ameiona akaiwasha mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwa Una, kwa kalamu yake ya kutilia kondoo alama. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Saa mbili kasoro asubuhi nilifika kwa Beryl nimuone Clarrie akiondoka. Nilikuta watu wamekusanyika verandani. Clarrie anabonyeza kitufe cha baiskeli yake, anabonyeza, anabonyeza. Sifuri. Beryl hakuwa ameiona swichi. Chaja imechomekwa, swichi imezimwa. Clarrie anasema taratibu, kama anajisemea, kwamba ana hakika aliiwasha. Kisha anasema labda hakuiwasha.

Nikaona si neno, ataichaji leo aende mchana. Wakati huo huo simu ya baa ikalia. Glenys. Beryl akaweka sauti wazi.

Umeme wa kwa Una ulikatika tangu jana asubuhi. Joto la huko ni nyuzi arobaini na tatu. Insulini yote iliyokuwa kwenye friji imeharibika, hawakujua, Una amekuwa akijichoma kitu kisichofanya kazi. Sasa anatapika, ana kiu isiyokatika, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Daktari kasema kwa simu dawa ifike kabla ya saa sita mchana. Helikopta? Zote ziko upande wa chini wa mto, zinawatoa watu juu ya mapaa. Labda jioni. Glenys hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu, ananyoosha neno moja moja. Katika miaka thelathini na moja sijawahi kuisikia hivyo.

Clarrie akashika usukani. Akasema atakanyaga kwa miguu. Baiskeli ile ni nzito kama ng'ombe, na kilomita ni thelathini na nane. Miaka sabini na moja! Alikuwa ameshapanda. Lorna akamshika bega.

Halafu wakanigeukia mimi. Wote.

"Nev," akasema Beryl. "Yako inakwenda?"

 Nikasema inakwenda. Sijui kwa nini. Au najua.

Lorna akafunga kisanduku kwenye keria ya nyuma kwa kamba mbili na barafu pembeni. Hakuniuliza kuhusu ekzosi. Akanitazama tu. Saa mbili na dakika ishirini nikaondoka.

Tambarare sawa. Inaguna lakini inakwenda. Daraja: maji ya kahawia yanapita shubiri moja chini ya mbao, yanabeba matawi, matairi mabovu, kondoo mfu miguu juu. Mti mzima ukagonga nguzo na daraja lote likaitikia. Nikakaza macho mbele. Nilizungumza na injini kwa lugha ambayo sitaiandika, kwanza ya matusi, kisha ya mahaba. Tukavuka.

Kilomita kumi na mbili baada ya daraja, Mwinuko Mwekundu. Saa nne kasoro kumi. Mita mia moja za mwanzo nilipanda. Kisha ile hali. Nguvu zinanyauka. Nikakanyaga, mapaja yanawaka moto, jasho machoni. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikawasha. Ikazima. Nikashuka nikasukuma. Nikasukuma mpaka nikaona nyota mchana. Kilomita kumi na nane mbele yangu. Kwa kusukuma ningefika jioni. Barafu ilikuwa inadondoka kokotoni, tone, tone.

Nikafikiria ile sauti ya Glenys. Nikafikiria kidole changu. Kidole kimoja tu, na huko mwanamke anakufa.

Hapo nikashikwa na hasira ya wazimu. Nikaipiga teke baiskeli. Teke halisi, la buti, likatua kwenye ekzosi. Ekzosi ikakatika kwenye kishikio, ikaanguka, ikadunda kwenye jiwe. Na ndani yake kikatoka kitu.

Kipande cha udongo. Ukubwa wa yai la bata, kigumu kama tofali, kimeungua upande mmoja. Nikakipasua. Vyumba vidogo vidogo, na ndani buibui wakavu, wamepangwa vizuri kabisa. Nyigu. Nyigu mjenzi alikuwa amejenga nyumba kwenye bomba langu tangu Krismasi, akaweka buibui akiba ya watoto wake, na mimi nimeioka kwa wiki nzima. Injini ilikuwa inavuta hewa lakini haina pa kuitolea. Haikuwa na njaa. Haikurogwa. Ilikuwa imezibwa mdomo.

Clarrie alikuwa anatazama kuku.

Nikakaa juu ya gogo la reli ya zamani. Dakika moja nadhani. Kisha nikaiokota ekzosi, nikachokonoa bomba kwa waya wa uzio mpaka nikaona mwanga upande wa pili, nikaifunga kwa waya ule ule, vidole vinaungua. Nikawasha. Jamani! Mngurumo ule! Kasuku wote wa bonde waliruka. Nikapanda Mwinuko Mwekundu nikiwa nimekaa kama mfalme, nalia kama mtoto.

Saa tano na dakika ishirini na tano niliingia uani. Glenys alikuwa mlangoni. Akachukua kisanduku, akaingia. Nikabaki nje na mbwa. Niliinama nikatapika kwenye maua.

Saa tisa alasiri Una alifumbua macho, akauliza ni mjinga gani ameleta trekta. Glenys akatoka, akaketi kando yangu kwenye ngazi, akaegemeza kichwa begani kwangu. Akasema: "Umefanya vizuri, Neville." Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi mjini. Makofi! Beryl kapiga kengele ya baa. Watu wamenibeba, wameniangusha, wamenibeba tena. Nesi kanibusu. Clarrie kaja mwenyewe na koti la chungwa mikononi, kalikunja vizuri, kanikabidhi. Kasema nilistahili tangu mwanzo. Hakuniangalia usoni, akaondoka kabla ya keki.

Koti linanikaa vizuri kwa kweli. Limebana kidogo tumboni.

Nilikuwa kwenye sehemu ya daraja, nasimulia mara ya nne, mti umeshakuwa miti mitatu, Lorna aliponivuta nyuma ya tangi. Akasema Ijumaa saa tisa alikuja kuchukua barafu. Aliniona nimeingiza mkono nyuma ya friji. Alidhani namsaidia Clarrie kuwasha. Akasema jana alivyoiona ile swichi, alielewa, lakini ulikuwa si wakati wa kusema.

Nilifungua mdomo. Akainua kidole.

"Usinidanganye, Nev, nitakusukuma mtoni na hilo koti lako. Una angekufa."

Nikasema nilikusudia siku moja tu.

"Nimesikia. Kesho saa sita mchana Clarrie awe anajua, kutoka kinywani kwako. Ikipita saa sita, atajua kutoka kwangu, na baa nzima itajua."

Mchana wote nimepima njia. Panya alibonyeza swichi? Panya mzito sana anahitajika. Barua isiyo na jina? Wote wanaujua mwandiko wangu, ni mimi huandika ubao wa bei. Kuugua? Nesi ananipenda leo, atakuja na kipimajoto. Sina hamu ya chakula. Nimekula mayai mawili tu na soseji.

Jumatatu, 10 Machi

Mita tano na nusu, yamesimama. Redio inasema yataanza kushuka.

Nilikwenda kwa Clarrie saa nne. Nilikuwa na hotuba, imeandikwa, yenye sehemu kuhusu nyigu ili kulainisha.

Mlango ulikuwa wazi. Nikaona karatasi. Kila swichi ya nyumba ile imebandikwa kijikaratasi: UMEZIMA? Jiko: UMEFUNGA GESI? Mlango: FUNGUO. Masanduku mawili yamefunguliwa kitandani, mashati yamekunjwa. Clarrie akanikaribisha chai, akatazama kijikaratasi cha birika, akaliwasha, akalitazama tena kuhakikisha.

Nikauliza anakwenda wapi. Akasema Brisbane. Binti yake amemtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee, nafasi nzuri, kuna bustani. Amemwambia ndiyo jana. Kisha akaanza kusema, anatazama kikombe. Baba yake alianza hivyo hivyo, kwa mambo madogo. Swichi. Bomba. Mwishoni hakumjua hata mke wake. Akasema alikuwa na hakika kabisa kwamba ameiwasha ile soketi, anakumbuka taa nyekundu ya chaja, anaiona mbele ya macho. Na kama kichwa chake kinaweza kumwonyesha taa ambayo haikuwaka, basi hafai kukaa peke yake, na Una nusura afe kwa ajili yake. Hajalala tangu Jumamosi.

"Samahani, Nev," akasema. "Wewe ndiye uliyelipia uzembe wangu."

Hotuba ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Ilinijia, naikiri hapa, fikra kwamba Brisbane kuna hospitali nzuri na kwamba bustani zinampendeza. Fikra hiyo ilikaa muda wa kukoroga sukari. Halafu nikasema.

Nikasema taa iliwaka. Nikasema uliiona kweli. Nikasema ni mimi niliizima, saa tisa na dakika kumi.

 Birika likachemka, likajizima lenyewe.

"Ulizima wewe?"

Mimi.

"Kwa mkono wako?"

Kwa kidole.

"Mimi niliiwasha?"

Uliiwasha, Clarrie.

Akasimama. Nikafunga macho nikitegemea ngumi. Haikuja. Nikafungua jicho moja. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki, mabega yanaruka. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini anacheka vile vile. Akavua kijikaratasi cha birika. Akavua cha jiko. Akapita nyumba nzima anabandua. Kisha akaja kwangu, akachukua kitambaa cha vyombo kilicholowa, akanichapa nacho usoni, pa!, mara moja ya haki kabisa. Akapiga simu.

Nilimsikia mpaka nje. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha.

"Jackie! Mwanangu! Sijachanganyikiwa! Ni Nev tu!"

Jumanne, 11 Machi

Mto unashuka. Mita tano na sentimita chache.

Glenys kaletwa kwa boti ya waokoaji. Una anakaa, anakula, anagombana na kondoo. Glenys alikuwa ameshasikia yote. Kahesabu kuku. Katengeneza chai, kainywa yote, kaweka kikombe, kisha kasema kwamba mwanaume aliyepanda ule mwinuko anampenda, na yule wa swichi atalala bandani na injini yake mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Haki yake. Godoro tayari lipo.

Beryl kalichukua koti. Mkutano wa dharura, dakika nne, kura thelathini kwa moja. Mbebaji Rasmi sasa ni Lorna, kwa baiskeli ya Clarrie, maana Clarrie anasema atapumzika kidogo, ana furaha mno hawezi kuendesha akanyooka.

Nimekaa bandani nikatafakari kwa utulivu, bila upendeleo. Tuangalie matokeo. Clarrie alidhani akili yake imekwisha, sasa anajua ni nzima. Nani kampa hakika hiyo? Bila ile swichi asingewahi kupimwa. Kuna watu hulipa wataalamu kwa habari kama hiyo. Una mzima. Injini inapumua. Nikijumlisha yote sioni hasara, ila kuku wawili. Na hakuna hata mmoja aliyesema asante! Lorna ndiye anayesifiwa mji mzima kwa sababu ya kuchungulia nyuma ya friji.

Ameegesha baiskeli kwa Beryl, tayari kwa safari ya kesho. Nimempita Beryl mlangoni, nikamwambia kwa upole, kama raia mwema, kwamba tairi la mbele la Lorna naona limepungua upepo, na kama atahitajika mtu wa akiba mimi nipo.

Halijapungua. Lakini ndiyo kwanza saa kumi, na natoka sasa hivi.